Mkanda wa Msaragambo

Zamani, pale Mhezi, pembe ililia mara moja alfajiri na ukoo mzima ukateremka ndivani na majembe begani bila mtu kubembelezwa. Siku hizi ukimwita jirani akushikie ngazi, anakuuliza kwanza kama kuna posho.

Sadock ndiye aliyekuwa akiipiga pembe hiyo. Aliirithi kwa baba yake, Mzee Asheri, pamoja na kazi ya kugawa maji. Ndiva yao ilikuwa bwawa la mawe na udongo chini ya msitu, lililojengwa na watu wasiojua hata kushika kalamu, nalo lilidumu umri ambao matanki ya saruji ya leo hayataufikia. Jioni lilizibwa, maji yakajikusanya usiku kucha, asubuhi likazibuliwa, na maji yakafuata mifereji mpaka kwenye maharage ya mjane na tangawizi ya mwalimu, kila kaya kwa zamu yake. Hakuna aliyepata kusema kwamba Sadock alimpendelea ndugu. Mkewe, Koleta, ndiye pekee aliyenung'unika.

"Nimeolewa na mgawa maji," alikuwa akiwaambia wenzake kanisani, "na bustani yangu ndiyo kavu kuliko zote Mhezi."

Kisha likaja bomba la plastiki. Kila mwenye uwezo akavuta lake mpaka mlangoni, na asiye na uwezo akajifunza kuomba ndoo kwa jirani, jambo ambalo mlima ule haukuwahi kuliona. Ndiva ikajaa tope, tope likaota magugu, na ndama wakafungwa humo wajilishe. Hakuna mkutano ulioitishwa kuiua. Iliachwa tu, kama mzee anavyoachwa.

Watu nao wakaondoka. Mzee Asheri alitangulia, kwa uzee. Melkizedeki, mtoto wa kiume pekee wa Sadock, aliteremka kwenda machimboni, akarudi mara moja akiwa amebeba televisheni ya chogo, deki ya mikanda na betri ya gari ya kuviendesha, akaondoka tena. Mara ya pili hakurudi kwa miguu yake, aliletwa. Koleta alimfuata mwanawe kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa. Careen, binti yao, akaolewa Same mjini. Sadock akabaki na nyumba ya vyumba vinne, umeme uliochelewa kufika, na mkanda mmoja wa video.

Mkanda huo ulipigwa na Zebedayo, mpwa wake, aliyetoka Tanga na kamera ya kukodi kuja kupiga picha za harusi kule Chome. Harusi ilipokwisha, kwa kuwa kamera haikutakiwa kurudi siku ile, akapanda Mhezi kuwapiga watu wakizoa tope ndivani. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya wote kwa ajili ya wote, na asiyefika bila sababu hukamatiwa mbuzi. Hakuna aliyejua kwamba hautaitishwa mwingine. Zebedayo naye alikwisha kufa, na vitu vyake viligawanywa huko huko Tanga na watu wasiojua nini ni nini. Mkanda uliobaki ni ule mmoja, mezani kwa Sadock.

Kila Jumapili, akitoka kanisani, alifunga mlango, akavuta kigoda karibu na kuuweka mkanda. Kwanza lilikuja tope, majembe na mgongo wa mtu. Halafu kamera ikageuka na Mzee Asheri akajitokeza katika koti lake kuukuu, akitazama moja kwa moja ndani ya chumba.

"Shikamoo, baba," Sadock alisema.

"Marahaba," Asheri alijibu. "Hicho kitu chako kinajua kushika jembe?"

Watu wakacheka, na Sadock akacheka nao. Ni Zebedayo aliyeamkia siku ile, nyuma ya kamera, lakini sauti ya Zebedayo ilikuwa imefifia kwa uchakavu wa mkanda, na jibu la Asheri likabaki zima. Baadaye alipita Melkizedeki, kijana mtundu wa kumchosha mama yake, tope mpaka magotini, akiwarushia wenzake mabonge. Mwishoni alikuja Koleta na sufuria la makande kichwani. Alisimama, akatazama, akasema, "Sadock, usinizibie njia, sogea nipite," kisha akacheka na kuficha mdomo kwa kiganja.

Sadock alisogeza kigoda. Kila Jumapili alikisogeza, na akahisi upepo wa mtu anayempita. Ndipo alipozima, kabla Koleta hajaonekana kwa nyuma akienda zake, akaurudisha mkanda mwanzo kwa ajili ya Jumapili ijayo.

Jumapili moja Careen alifika bila taarifa, akamkuta baba yake amesogeza kigoda mpaka ukutani, katikati ya sebule pako wazi kama njia.

"Baba, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na babu yako. Mama yako amepita sasa hivi."

Careen aliweka mkoba chini taratibu. "Baba, watu wanasema. Mama Dorkas hapo jirani alinipigia simu. Hata mchungaji ameniuliza kama uko sawa."

"Mchungaji anajua ninapokaa. Kwa nini akuulize wewe uliyeko Same?"

"Kwa sababu wewe hujibu. Nataka nikuletee king'amuzi, uone dunia kidogo. Taarifa ya habari, mpira, kwaya."

"Dunia nimeiona. Ilipita hapa na bomba."

Lakini Careen alikuwa na kichwa kigumu kama cha mama yake. Jumamosi iliyofuata alipanda tena, na nyuma yake pikipiki ya Eliufoo, fundi wa Same, dishi limefungwa mgongoni mwake kama ngao. Dorkas, yule jirani, alikuwa uani kwake akipepeta maharage.

"Sadock!" akaita juu ya ua wa matete. "Unaweka ungo juu ya bati mchana kweupe? Wenzako huruka usiku!"

"Njoo upande, Dorkas. Nafasi ya mbele ipo."

"Mimi mlokole, nitauangusha!"

Eliufoo akapanda juu ya bati. Akawa anagusagusa dishi, anaelekeza magharibi, analaza, anainua, na Careen ndani anakodolea kioo macho.

"Vipi, dada?"

"Bado! Bado... imekuja! Imepotea!"

"Usiseme imekuja kama haijakaa!"

"Mimi nitajuaje kama inataka kukaa? Hiyo! Usishike tena, shuka!"

Alipoingia ndani na waya zake, Eliufoo aliinama nyuma ya televisheni, akachungulia, akakuna kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi chache, mpole wa maneno. "Babu, televisheni hii ina matundu ya seti moja tu, na yameshikwa na deki. Tuitoe deki?"

"Itoe," Careen akasema.

"Ukiitoa deki," Sadock akasema, "ondoka na dishi lako."

Eliufoo akawatazama wote wawili. "Haya, tutapita humo humo. King'amuzi kiingie kwenye deki, deki iingie kwenye televisheni. Waya wa njano ndio picha, nyekundu na nyeupe ndio sauti. Ukitaka king'amuzi unaona, ukitaka mkanda unaona." Akachomeka, akajaribu, picha ikaja safi. Kisha akagusa mdomo wa deki. "Ila huu mkanda uliomo, babu, tuutoe tuuweke pembeni. Usije ukatuletea matatizo."

"Mkanda unabaki humo."

"Kwa nini, baba?" Careen akauliza.

Sadock akaweka kiganja juu ya deki. Katika nyumba ya Asheri hakuna kilichoingia kwa kuwaficha wazee. Bibi arusi alisimamishwa kwenye nguzo ya kati akatajwa jina. Mtamba aliyenunuliwa kwa wafugaji wa tambarare alitembezwa uani kabla ya kuonja majani. Hata jembe jipya lililala siku ya kwanza chini ya nguzo ile, ili waliotangulia walione. Asheri alikuwa akisema kwamba nyumba inayopokea wageni kwa siri, mwisho wake haimjui mwenyewe. Nguzo ya kati haikuwepo tena; nyumba ya matofali haina nguzo ya kati. Waliobaki kuonyeshwa walikuwa ndani ya mkanda.

"Kinachoingia," Sadock akasema, "kiingie wao wakiwepo."

"Wao akina nani? Baba, jamani..."

"Muache, dada," Eliufoo akasema kwa sauti ya chini. "Mimi wa Shighatini. Bibi yangu aliwaonyesha waliotangulia hata cherehani." Akauacha mkanda mahali pake. Akainua rimoti ya king'amuzi mbele ya macho ya mzee. "Ukitaka kuwasha, babu, bonyeza chekundu. Kuzima, hicho hicho chekundu. Vingine vyote achana navyo."

"Chekundu," Sadock akarudia.

Wakateremka mapema, wakiuogopa utelezi.

Kesho yake, baada ya ibada, Sadock alifunga mlango kama kawaida. Alisimama mbele ya meza akiwa bado na koti la kanisani, akasema kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mgeni: "Baba, mama Melkizedeki, na wewe kijana. Hiki kimeletwa na Careen. Hakikuja kwa hila. Mkikikataa, mseme."

Akawasha swichi ya ukutani, kisha televisheni. Kioo kikabaki cheusi. Rimoti ilikuwa mezani, lakini hakuipenda. Kitu cha nyumbani hufunguliwa kwa mkono. Hakinyooshewi kidole kwa mbali kama nyoka. Akainama, akatafuta kitufe chekundu. Kwenye king'amuzi vyote vilikuwa vyeusi. Kwenye deki kilikuwepo kimoja, chekundu kama tunda la kahawa lililoiva, ambacho miaka yote hakuwahi kuwa na sababu ya kukigusa. Akakibonyeza.

King'amuzi huchukua muda kuamka. Kilipoamka, picha ikajaa kiooni, na Sadock akaamini ni yeye aliyeileta. Hakuona taa ndogo iliyowaka kwenye deki, au aliiona akadhani ni furaha ya mashine.

Ulikuwa mchezo wa nchi za mbali, wanawake weupe wakizozana Kiswahili katika jumba la kifahari. Midomo yao ilikwenda huku, maneno yakaja huku, kana kwamba mtu mwingine amejificha nyuma yao akiwasemea. Sadock aliwatazama bila kuwaelewa. Baadaye yakaja matangazo ya sabuni, ukaja mpira, ikaja sabuni tena. Akasinzia kwenye kiti. Kilichomwamsha ni ukimya: umeme ulikuwa umekatika, kama ulivyozoea kukatika mlima ule mawingu yakiwa mazito.

Ulirudi siku iliyofuata mchana. Haikuwa Jumapili, lakini Sadock alitaka kujua wazee wamempokeaje mgeni. Akaurudisha mkanda mwanzo, akavuta kigoda, akabonyeza kitufe anachokijua.

"Shikamoo, baba."

Mwanamke mwenye midomo iliyopakwa rangi aligeuka, akamtazama usoni. "Wewe si wa familia hii," akasema. "Toka."

Sadock alishika kingo za kigoda. Akarudisha nyuma, akaanza upya. "Shikamoo, baba." Mwanamke yule yule akageuka. "Wewe si wa familia hii." Akarudisha tena, akapeleka mbele, akarudisha, na kila alipofungua ilikuwa sabuni, au mpira, au wale wanawake. Ndipo, katikati ya mlio wa sabuni, aliposikia kitu. Chini ya sauti ya mtangazaji, chini kabisa, kama watu walio upande wa pili wa ukuta mnene, walikuwa wakiimba wimbo wa kuzoa tope.

Alimpigia Careen. "Wamekwenda," akamwambia. "Lakini bado wamo."

Careen alimuomba mwajiri wake ruhusa, akampata Eliufoo, na kesho yake kabla ya saa sita wote wawili walikuwa sebuleni. Dorkas alikuwa amesimama uani kwake, ameacha kupepeta. Eliufoo aliutoa mkanda, akaukagua, akaurudisha.

"Babu, ulibonyeza chekundu cha deki. Hicho ni cha kurekodi. Kimeandika vya king'amuzi juu ya vyenu."

"Uliniambia chekundu."

"Cha rimoti, babu."

"Uliniambia chekundu," Sadock akasema tena, na Eliufoo akainamisha kichwa.

"Mwenye mkanda angekivunja hiki kijino cha pembeni, deki ingekataa kuandika. Hakukivunja."

"Zebedayo alikuwa na haraka. Alikuwa kijana." Sadock akanyoosha kidole kwenye kioo. "Sikiliza."

Eliufoo aliongeza sauti. Mtangazaji wa sabuni alipiga kelele chumba kizima, na chini yake ukapita wimbo, na chini ya wimbo mwanamke akacheka, cheko fupi lililozibwa na kiganja. Nywele za mkono wa Eliufoo zilisimama. Aliushusha mkono wa shati upesi. "Deki imechoka," akasema, kama anayejieleza mwenyewe. "Kile kichwa kinachofuta kimechakaa. Kimefuta juu, chini kumebaki."

"Chini kuna nani?" Sadock akauliza.

 Aliyejibu ni Careen, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mkoba bado mkononi. "Huyu ni mama," akasema. Akaja akapiga magoti kando ya kigoda cha baba yake, akaweka sikio kwenye spika. "Baba, huyu ni mama. Kwa nini hukuniambia kwamba anacheka hivi?"

"Nilikuambia amepita sasa hivi."

Careen alilia, na hakuuliza tena habari za mchungaji.

Eliufoo akajisogeza nyuma kuwapa nafasi, kisha akarudi kwa kuwa kazi haijaisha. "Umeme ulikatika saa ngapi siku ile, babu?"

"Nilikuwa nimelala."

"Kama ulikatika kabla ya mkanda kwisha, basi mwisho wake upo kama ulivyokuwa. Kuna kipande hakijaguswa." Akautoa tena mkanda, akainua kifuniko chake, akawaonyesha utepe uliokunjamana na kuchanika ukingoni kama jani la mgomba. "Ila umeurudisha mara nyingi mno, nao ni wa siku nyingi. Hapa umeshaanza kukatika. Utapita mara moja. Ukisimamishwa, au ukirudishwa nyuma, deki itautafuna wote. Sitaki kukudanganya."

"Tusubiri," Careen akasema. "Labda mjini kuna mtu mwenye mashine nzuri..."

"Mashine nzuri ndiyo iliyonifikisha hapa."

"Basi ngoja nirekodi kwa simu." Akaiinua.

"Weka chini hiyo simu," Sadock akasema, bila hasira. "Mtu anayeaga hashikiwi simu usoni. Hutazamwa."

Careen akaiweka mapajani. Sadock akavua kofia. Eliufoo akatoka nje, akasimama barazani kwa heshima, mgongo kwenye mlango.

Sehemu ile Sadock hakuwahi kuitazama, kwa maana ilikuwa baada ya Koleta kupita. Kwanza ulikuwa mpira, na wimbo ukizama na kuibuka chini ya makelele ya uwanjani. Kisha kioo kikatetemeka, mistari myeupe ikakatiza, mashabiki wakakatwa midomoni, na mahali pao ukaja ukimya wa mlimani. Zebedayo alikuwa amepanda nyuma ya gari, na gari lilikuwa linaondoka. Watu wote walikuwa wamejipanga juu ya ukingo wa ndiva, majembe begani, wakimuaga. Sadock aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, na Careen akayarudia majina kwa kunong'ona. Asheri alikuwepo na koti lake. Koleta alikuwepo, sufuria tupu chini ya kwapa. Kando yake alisimama mwanamume mwenye mabega mapana, amejiegemeza kwenye mpini wa jembe, anacheka na kitu alichoambiwa.

"Huyu nani?" Careen akauliza.

Sadock aligusa bega la mtu yule kiooni. "Huyu alikuwa mimi," akasema.

Gari likaanza kuteremka. Ukungu wa kilele cha Shengena ulikuwa umeshashuka kama ushukavyo saa za mchana, ukala msitu, ukala ndiva, ukafika ukingoni. Asheri hakuonekana tena. Koleta na yule mwanamume waliingia humo pamoja, bado wakicheka. Aliyebaki ni Melkizedeki. Alikuwa amelifukuza gari kwa mbio, akasimama katikati ya barabara na tope mpaka magotini, mikono imezunguka mdomo, akipaza sauti kuelekea kwenye kamera. Alisema neno, akalirudia, lakini ngurumo ya gari ilimfunika. Sadock alitoka kwenye kigoda, akainama mpaka sikio lake likagusa kioo, na mwanawe, mweupe kwa ukungu mpaka shingoni, alikuwa bado anasema.